Mwacheni Kijana Asome Fedha

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mama mdogo. Mwanawe amemaliza Kidato cha Nne, KUCCPS imemwita kusomea shahada ya biashara, na kijana mwenyewe anataka akifika huko achukue upande wa fedha. "Zungumza naye mwanangu," mama mdogo akaniambia, "wewe ndiwe mtu wa kompyuta. Mwambie hizo kazi za benki zimekwisha, asome hayo yenu." Nikaahidi kuzungumza naye. Nimezungumza naye. Sasa mama mdogo hasemi nami, ndiyo maana naandika.

Sisi watu wa kompyuta tuna ugonjwa. Kijana akitaja somo lolote, ualimu, kilimo, sheria, sisi jibu ni moja: achana na hilo, jifunze kuandika programu. Na kwa somo la fedha ndio tunazidi. Tunasema kaunta ya benki imekufa. M-Pesa ilikuja 2007, mawakala wa benki wakaruhusiwa 2010, M-Shwari ikaanza Novemba 2012, na leo mtu wa Mayungu anakopa akiwa juu ya mtumbwi. Yote kweli. Lakini kilichohama ni kaunta. Hesabu iko pale pale, tofauti ni kwamba sasa imefichwa ndani ya programu ambayo mara nyingi imeandikwa na mtu kama mimi, ambaye hakuisomea.

Nitoe ushahidi dhidi ya nafsi yangu. Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kwenye kampuni ndogo ya mikopo, siitaji jina. Niliambiwa niandike sehemu ya kukokotoa marejesho. Mkataba wa mteja ulisema riba ni asilimia 2 kwa mwezi kwenye salio. Mimi nikasoma "asilimia 2 kwa mwezi" nikaishia hapo. Programu yangu ikawa inatoza asilimia 2 ya mkopo wote wa mwanzo, kila mwezi, hata mteja akiwa amebakisha elfu tano tu. Chukua mkopo wa shilingi 60,000 wa miezi 12, unaolipwa 5,000 kila mwezi pamoja na riba. Kwenye salio, riba ya mwezi wa kwanza ni 1,200, wa pili 1,100, inashuka hivyo mpaka 100, jumla 7,800. Kwa hesabu yangu ilikuwa 1,200 mwanzo mpaka mwisho, jumla 14,400. Nilimzidishia mteja shilingi 6,600. Majaribio yote ya programu yalipita, bila shaka, maana majaribio nayo niliyaandika mimi!

Kosa hilo liliishi miezi saba. Aliyeligundua hakuwa mwandishi wa programu. Alikuwa dada mmoja wa ofisi ya mbele, aliyesomea fedha, ambaye mteja mmoja alimlalamikia kwamba deni haliishi. Akachukua karatasi na kalamu ya risasi, akapiga hesabu dakika kumi, akapanda ngazi kuniuliza hiki ni nini. Mshahara wake ulikuwa nusu ya wangu.

Sasa mtu ataniambia siku hizi akili bandia inaandika hesabu hiyo kwa sekunde. Ndiyo, na ukiiuliza vibaya itakuandikia ile yangu kwa sekunde hizo hizo. Lazima pawe na mtu anayejua swali.

Na si makosa tu, kuna yale yanayofanywa kwa makusudi. Mwaka 2016 Bunge liliweka kikomo cha riba za benki, kikaondolewa Novemba 2019. Miaka ile yote mitatu mkopo wa M-Shwari ulikuwa ukitozwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Zidisha mara 12 upate 90 kwa mwaka, wakati kikomo kilikuwa kama 14 hivi. Iliwezekanaje? Benki ilisema hiyo si riba, ni ada. Neno moja tu! Ni wangapi kati yetu tuliokuwa tukisifu ubunifu wa simu tulioshtuka na neno hilo?

Au Fuliza. Kwenye viwango vilivyotangazwa mwaka 2022, ukidaiwa kati ya shilingi 2,501 na 70,000 unatozwa shilingi 25 kwa siku. Sawa kwa wote, unaona haki? Mwenye deni la 70,000 akikaa nalo siku 30 anatozwa 750, kama asilimia 1 hivi. Mwenye deni la 2,600 anatozwa 750 hiyo hiyo, na kwake ni karibu asilimia 29. Hapo sijaweka ada ya kuanzia wala kodi. Mwandishi wa programu akiletewa jedwali lile ataliona ni masharti manne matano ya kuandika kabla ya chai. Mtu aliyesomea fedha, aliyeisoma vizuri, ataona ni nani anamlipia nani.

Aliyeisoma vizuri, nasema, kwa sababu na wao wana lao. Wengi huenda kwenye somo hili kwa ajili ya tai na kiyoyozi, wakakariri mifano ya soko la hisa la New York, wakarudi nyumbani kungoja nafasi ya kuhesabu noti. Kazi hiyo ndiyo iliyokwisha kweli. Lakini kuna sacco, kuna bima, kuna KRA, kuna ukaguzi wa vitabu ukiongeza CPA ya KASNEB, kuna hazina za kaunti tangu 2013. Na Oktoba 2015 Imperial Bank ilipowekwa chini ya mrasimu, ikafichuka mikopo iliyofichwa nje ya vitabu miaka mingi, tatizo halikuwa uchache wa kompyuta.

Tena huku kwetu somo lenyewe limejaa tele, sijui kwa nini twende kulitafuta New York. Mwaka 1972 mwanaanthropolojia David Parkin alichapisha kitabu, Palms, Wine and Witnesses, juu ya Wagiriama wa Kaloleni: minazi inauzwa, inawekwa rehani, mashahidi ndio wanaoamua mti ni wa nani. Hiyo ni dhamana, na mashahidi ndio rejista. Mvuvi wa Ngomeni anapata kaskazi, kusi ikivuma mtumbwi mdogo unakaa ufukweni. Mhudumu wa hoteli Watamu ana pesa Desemba, Mei hana. Kisha tunawapa wote mkopo mmoja wa marejesho sawa kila mwezi, wakishindwa tunawaita wadeni wabaya na jina linakwenda CRB. Nani atapanga marejesho yanayofuata pepo? Mimi naweza kuiandika programu yake jioni moja. Kuipanga, ili mkopeshaji asifilisike na mvuvi asinyang'anywe mashine, siwezi.

Haya ndiyo niliyomwambia kijana. Nikamwambia asome fedha, takwimu asizikwepe, na jioni ajifunze programu kiasi cha kuweza kusoma tulichoandika sisi na kutukamata.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kaka, zile pesa mlizozidisha mliwarudishia watu?"

Nikamweleza kama ilivyokuwa. Waliokuwa bado wanalipa walipunguziwa salio. Waliokuwa wameshamaliza hawakupigiwa simu.