Ndugu Mkulima, Usipande kwa Kishindo cha Mabati

Ndugu mkulima wa Nyeri, kila Machi tunarudia kosa lile lile. Mvua ya njahi inagonga mabati usiku mmoja, na alfajiri mahindi na maharagwe yote yako ardhini. Kisha mbingu inafunga wiki mbili. Kilichochipua kinakauka, na mbegu za mara ya pili zinanunuliwa kwa deni. Hasara hii twaweza kuipunguza.

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini aliyelima Kieni anajua kwamba mawingu yaweza kulala juu ya Mlima Kenya wiki nzima na Naro Moru isipate tone. Kieni imebanwa kati ya mlima huo na Nyandarua, na unyevu utokao Bahari ya Hindi humwagika kabla ya kuifikia. Othaya chai inasitawi; Mweiga ng'ombe wanatafuta nyasi. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba nyanda za juu zitapata mvua nyingi, uliza kwanza: nyanda zipi?

Watu wengi wameuacha utabiri kwa sababu, wasemavyo, ulidanganya. Hapa pana kutoelewana. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ikisema kuna uwezekano wa asilimia 60 kwamba mvua itazidi wastani, imesema pia kwamba kuna asilimia 40 kwamba haitazidi. Katika misimu 10 ya utabiri kama huo, minne yaweza kwenda kinyume, na mtabiri asiwe amekosea. Mwenye busara hapandi shamba lote kwa asilimia 60, wala hazipuuzi.

Tena misimu miwili haitabiriki sawasawa, na jambo hili ni nadra kuelezwa barazani. Mvua ya mwere, ya Oktoba hadi Desemba, hufuata sana hali ya bahari: El Nino katika Pasifiki, na joto la Bahari ya Hindi upande wetu. Mwaka 2023 vyote viwili viliungana, na mafuriko yakaua zaidi ya watu 100 nchini Kenya. Dalili baharini zilikuwa zimeonekana miezi kabla. Mvua ya njahi haina kamba imara namna hiyo ya kuifunga na bahari. Basi utabiri wa Septemba upe uzito mkubwa. Ule wa Februari uupokee kwa tahadhari, kisha ufuate taarifa za kila wiki hadi mvua itulie.

Usisikilize kiasi cha mvua tu. Sikiliza itaanza lini na itakoma lini. Mahindi ya H614 huhitaji zaidi ya miezi sita katika nyanda zetu za juu, na mwere hukoma Desemba. Anayeyapanda Kieni mwezi wa Oktoba bila maji ya mfereji anapanda majani ya ng'ombe. Viazi vya Shangi hukomaa kwa takriban miezi mitatu. Hivyo vina nafasi. Na mvua ya kwanza ikinyesha, chimba kwa jembe uone: kama unyevu umeishia juu juu, subiri.

Nanyi maafisa wa kaunti, utabiri uliofungiwa katika kurasa za Kiingereza cha kitaalamu haumlishi mtu. Tangu 1998 wataalamu wa Pembe ya Afrika hukutana kabla ya msimu kuandaa utabiri wa pamoja, na kazi yao ni njema. Lakini mama anayeuza maharagwe soko la Karatina anataka kuambiwa kwa Gikuyu au Kiswahili, kwa wadi yake, kabla hajanunua mbegu. Baraza la chifu lipo. Makanisa yapo, na redio za lugha yetu zinasikika hadi jikoni.

Septemba ijayo, ndugu, kabla ya kwenda dukani, fika ofisi ya hali ya hewa ya kaunti uulize kuhusu wadi yako, kisha umwambie na jirani.