Kuku na Boma, Ujirani na Amani

Ugomvi mwingi wa mitaa yetu ya Mwambao hauanzi kwa mirathi wala mashamba. Huanza kwa kuku. Kachakura mchicha wa jirani, kanya juu ya mkeka ulioanikwa mchele, na mwisho wake watu hunyimana salamu hata siku ya Idi.

Hoja ya wafugaji naijua. Husema kuku wa kienyeji ni wa kutembea, ukimfungia utamu wa nyama hupotea. Mimi nakubali kuwa kuku apate kuchakura, lakini sikubali achakure popote. Hasara yenyewe huwaangukia akina mama, ambao kuku ndio akiba yao ya dawa na ada ya chuo.

Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ile ilimzoesha pahala, ajue pa kurudi jioni. Leo mfungie bandani wiki moja, mlishe humo humo, kisha mfungue, atarudi mwenyewe. Uwanja uzungushie uzio wa makuti au waya, kimo cha futi 6. Arukaye, mpunguze manyoya marefu ya bawa moja tu, akose mizani. Manyoya machanga yenye damu usiyaguse. Juu tandaza wavu mkuukuu wa kuvulia, kwani mwewe na kunguru hawana huruma na vifaranga. Usiku wote walale katika banda lililoinuliwa, lenye waya wa matundu madogo, maana fungo na kanu hutembea gizani. Na kuchi wa Lamu, yule wa miguu mirefu, jogoo wake ni mgomvi. Atengwe na majogoo wenziwe.

Lakini kufunga kuna haki zake. Chuoni tulifunzwa khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Mwenye banda amejitwika maji, chenga, kivuli, usafi, na chanjo ya mdondo kila miezi 3, kwani kuku waliosongamana huambukizana upesi. Faida nayo ipo. Kuku ashindaye majaani hupendekezwa azuiwe siku 3 kabla ya kuchinjwa, kama isimuliwavyo kuwa Ibn Umar akifanya. Wa bomani chakula chake chajulikana.

Basi namwomba kila mwenye kuku, kabla hajamshitaki jirani aliyemrushia kuku wake jiwe, atazame kwanza uzio wake. Makuti machache na kazi ya siku mbili ni rahisi kuliko kumtafuta mzee wa mtaa awapatanishe.