Bei ya maji: tumfikirie kwanza aliye mwisho wa foleni



Mpenzi msomaji, mamlaka ya maji ya mji haiwezi kuamka asubuhi na kuandika bei mpya kwenye ankara zetu. Kwa sheria za nchi yetu, inapaswa kupeleka maombi kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, na kueleza kwa nini bei ya sasa haitoshi. Baada ya hapo EWURA hutangaza maombi hayo na kuwaita wananchi kwenye mkutano wa wazi wa kutoa maoni, ambao huitwa taftishi. Kila mtu anaruhusiwa kufika na kusema, na asiyeweza kufika anaweza kuandika.

Ni mlango mzuri, lakini wanaoupitia ni wachache. Mara nyingi wanaofika ni watumishi wa ofisi, viongozi wa mitaa na wafanyabiashara wakubwa. Mama anayenunua maji kwa ndoo hayupo, kwa sababu saa hiyo yuko kwenye foleni ya maji. Jumapili hii ninataka tutafakari kama Wakristo: maombi ya kupandisha bei yanapoletwa mbele yetu, tuyapime kwa mizani gani?

Wapo wanaosema kwamba maji ni zawadi ya Mungu, hivyo yasilipiwe kabisa. Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ni kweli. Nusu ya pili inahitaji kufikiriwa. Yule mwanamke Msamaria alimwambia Bwana wetu kwamba kisima ni kirefu na tena hana chombo cha kutekea (Yn 4:11). Maji yalikuwa ya Mungu, lakini kisima kilichimbwa na Yakobo, na kamba na ndoo vilipaswa kutoka kwa mtu. Waisraeli nao walipoomba kupita katika nchi ya Edomu waliahidi kwamba wao na mifugo yao wakinywa maji, watayalipia (Hes 20:19). Hawakuona aibu, wala hawakuona kwamba wanamkosea Mungu.

Sisi tuliozaliwa miaka ya 1970 tunajua nini hutokea huduma inapokosa wa kuigharimia. Mabomba ya bure yalifika vijijini kwa shangwe, na baada ya miaka michache mengi yalisimama makavu, kwa kuwa hapakuwa na dizeli ya pampu wala fundi wa kuitengeneza. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 ilikiri jambo hilo na kutaka watumiaji wachangie gharama. Pampu hula umeme, maji huhitaji dawa, na bomba lililozikwa miaka arobaini iliyopita huchoka. Mamlaka ikinyimwa fedha za kazi hizo, bomba litakauka, na atakayeumia kwanza si tajiri mwenye tangi na kisima chake uani.

Lakini nabii naye ana neno. Baada ya Yerusalemu kuanguka, watu walimlilia Mungu kwamba sasa wanakunywa maji yao wenyewe kwa kulipa fedha (Omb 5:4). Hicho ni kilio cha watu walionyang'anywa. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu, maana uhai wake unayategemea, na kwamba dunia ina deni kwa maskini wasioyapata. Kwa hiyo kusema tu "gharama zimepanda" hakumalizi mjadala. Tunapaswa kuuliza pia: mzigo huu unamwangukia nani?

Tufanye hesabu ndogo. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Mama anayenunua ndoo kwa shilingi 100 analipa shilingi 5,000 kwa uniti. Chukua ankara ya nyumbani kwako, utazame bei ya uniti moja, kisha ulinganishe. Utaona kwamba anayebeba maji kichwani analipa zaidi kuliko anayefungulia bomba jikoni. EWURA hupanga pia bei ya kioski, lakini anachotozwa mteja pale bombani mara nyingi ni bei nyingine.

Chukua mfano wa pili. Katika miji ambako bei ya uniti hupanda kadiri matumizi yanavyoongezeka, nia ni njema: anayetumia kidogo alipe kidogo. Lakini iko nyumba ya kupanga yenye familia sita na dira moja. Kila familia inatumia kidogo, ila dira inawahesabu wote kama mteja mmoja mkubwa. Wapangaji sita maskini wanaangukia kwenye bei iliyokusudiwa mwenye bustani na magari ya kuosha. Mizani ya namna hiyo haikukusudia dhuluma, lakini inadhulumu. Mithali inasema mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana (Mit 11:1). Nasi tusiridhike na mizani inayokosea bila kukusudia.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nashauri twende kwenye taftishi na maswali matatu.

La kwanza: maji yanayopotea yamepungua kiasi gani? Taarifa za EWURA zimeonyesha kwa miaka kadhaa kwamba takriban theluthi moja ya maji yanayozalishwa na mamlaka za mijini hayaingizi mapato, wakati kiwango kinachokubalika ni asilimia 20. Mengine yanavuja barabarani, mengine yanaibwa. Si haki mlipaji mwaminifu alipie pia maji yaliyomwagika njiani, kabla mamlaka haijaonyesha ilivyojitahidi kuziba.

La pili: nani anadaiwa? Mjane akichelewa mwezi mmoja au miwili hukatiwa maji. Taasisi kubwa, zikiwemo za umma, hulimbikiza madeni na maji yanaendelea kutiririka. Deni la mkubwa lisigeuzwe kuwa bei mpya ya mdogo.

La tatu: mnunuzi wa ndoo na mpangaji wa dira moja wamewekewa nini katika maombi haya? Kama hawatajwi, tuombe watajwe kabla ya uamuzi.

Wanaoongoza mamlaka hizi wasome habari za Nehemia. Alikuwa liwali wa Yuda kwa miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa ya ujenzi, yenye gharama kubwa. Hata hivyo hakudai chakula alichostahili kama liwali, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa tayari mzito (Neh 5:14-18). Mamlaka inayoomba wananchi wajifunge mkanda ionyeshe kwanza mahali ilipojifunga yenyewe: kwenye safari, posho na magari.

Nasi tulio kwenye mabenchi ya kanisa tujitazame. Anayeunganisha bomba kabla ya dira anaiba, na anayemwibia si serikali tu, bali jirani anayelipa. Mwenye nyumba anayepokea ankara moja kisha akawatoza wapangaji jumla iliyoizidi, naye anakula jasho la maskini, hata kama anatoa zaka kila mwezi. Mwenye kisima anayepandisha bei ya ndoo pindi mgao unapoanza akumbuke kwamba Bwana atasema: nilikuwa na kiu (Mt 25:35). Hata parokia, shule na zahanati zetu ziwe mfano wa kulipa ankara kwa wakati.

Tangazo la taftishi likitoka, lisomwe kanisani baada ya Misa pamoja na matangazo ya ndoa. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zikae jioni moja, ziwasikilize wanaonunua maji kwa ndoo, kisha ziandike barua yenye bei halisi za mtaa wao. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kumsemea mtumiaji. Tulipelekee hoja zetu. Hakimu hawezi kupima kilio ambacho hakikufikishwa mbele yake.

Bei inaweza kupanda na bado ikawa ya haki. Inaweza pia kubaki pale pale na ikaendelea kumdhulumu aliye mwisho wa foleni. Tuombe waamuzi wapate hekima ya kutofautisha hayo mawili, nasi tupate ujasiri wa kuwaeleza tunachokijua.

Nawatakia Dominika njema.