Shamba la Shule Lisiwe Mahali pa Adhabu

Ewe mwalimu ufundishaye Karagwe au Kyerwa, nisikilize kidogo. Nilipokuwa mtoto katika shule ya misheni, aliyechelewa asubuhi alipewa jembe akalime shamba la shule, na aliyewahi alikaa darasani akiimba majina ya aina za udongo. Basi sote tukajifunza neno moja ambalo mwalimu hakulikusudia, ya kuwa jembe ni adhabu. Desturi hiyo naikuta mpaka leo nipitapo mashuleni, nami naipinga. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba liwe sehemu ya masomo yenyewe.

Chukua mnyauko wa migomba, ugonjwa uliothibitishwa Kagera mwaka 2006, ukawaachia watu wengi vibanja vitupu. Wapeleke darasa la sita kibanjani. Waonyeshe mkungu ulioiva kabla ya wakati wake. Kata ndizi moja, waone rangi ya kahawia ndani, kisha kisu kipitishwe motoni mbele yao. Waulize, wadudu hutafuta nini katika ua dume? Nao wakiisha kujibu, mpe kila mmoja kijiti chenye panda, avunje ua dume mara chane ya mwisho itokeapo. Asitumie kisu, kwa maana kisu huchukua ugonjwa kutoka mgomba hata mgomba. Hiyo ndiyo sayansi. Migomba mizima na migonjwa waihesabu, watafute asilimia. Jioni kila mmoja awaandikie wazazi wake barua ya Kiswahili kueleza aliyoyaona. Mimi nimekwenda nyumba nyingi nikakataliwa shauri langu, lakini barua ya mtoto wa nyumbani husomwa.

Darasa la pili hawahitaji hayo yote. Wahesabu machipukizi ya shina moja, kisha waseme mangapi yang'olewe ili abaki mama, mtoto na mjukuu. Ni hesabu ya kutoa.

Kwa wakubwa, fungeni miti miwili iliyo sawa kwa urefu, ikutane juu, na wa tatu ukingame katikati. Kamba yenye jiwe ining'inie toka kileleni. Mmepata pembetatu, na kwa hiyo mtapima kontua za matuta katika miteremko yetu, ambako mvua huchukua udongo mzuri kila mwaka.

Utasema, mitihani imekaribia na watoto ni wengi mno. Ni kweli, nami sikuambii uhamishe shule kibanjani. Nusu ya darasa itoke, nusu iandike, kisha wabadilishane. Kipindi kimoja kwa juma chatosha kuanza.

Tena somo la jiografia halihitaji fedha. Tafuta kopo lenye ubavu ulionyooka, na rula. Vuli huku kwetu huanza yapata Septemba; kopo liwe juu ya kigingi kabla ya mvua ya kwanza, mbali na miti na paa, na mtoto wa zamu asome milimita kila asubuhi saa tatu.