Jina la risasi halitoshi, uliza na msokoto wa mtutu

Mfanyabiashara wa mpakani anaijua hasara ya kuuza kitu chenye jina sahihi lakini kisichomfaa mteja. Kwenye bunduki za kuwindia, hasara hiyo iliwahi kuikumba kampuni kubwa ya Marekani.

Mwaka 1955, Winchester na Remington zilitoa risasi mpya za milimita 6. Ya kwanza iliitwa .243, ya pili .244. Unene wa vichwa ulikuwa mmoja na nguvu zilikaribiana. Tofauti kubwa ilikuwa ndani ya mtutu.

Mtutu una mifereji midogo iliyojipinda, nayo huizungusha risasi ili iende ncha mbele, kama pia inavyosimama kwa sababu inazunguka. Mtutu wa Winchester ulimaliza mzunguko mmoja kwa kila inchi 10, wa Remington kwa kila inchi 12. Kanuni ni hii: risasi ikiwa ndefu zaidi, inataka izungushwe haraka zaidi.

Remington iliwalenga wawindaji wa wanyama wadogo waharibifu, ikauza vichwa vyepesi vya greni 75 na 90. Wateja wengi walitaka bunduki moja ya kazi mbili, na kwa kulungu walitaka kichwa cha greni 100. Kichwa hicho kilikuwa kirefu, na msokoto wa inchi 12 haukutegemewa kukituliza. Wateja wakahamia .243. Remington ilirekebisha msokoto hadi inchi 9, na mwaka 1963 ikabadili hata jina la risasi, lakini soko lilikuwa limekwenda.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya mafundi. Sikubaliani nao. Risasi isiyotulia huyumba na kupiga pembeni, ikamjeruhi mnyama badala ya kumuua. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini Tanzania inaruhusu uwindaji wa kitalii. Huko, nyati aliyejeruhiwa hufuatwa vichakani na watu wa kufuata nyayo, ambao hawakuichagua risasi ile.

Suala hili linazidi uzito kwa sababu ya shaba. Tangu Julai 2019, jimbo la California limekataza risasi za risasi nyeusi, yaani madini ya ledi, katika uwindaji wote. Shaba ni nyepesi kuliko ledi, hivyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi. Bunduki iliyopiga vizuri kwa ledi miaka yote inaweza kushindwa kwa shaba, ingawa jina kwenye boksi halijabadilika.

Kwa hiyo, muuzaji mwenye leseni asiishie kuuliza, "Bunduki yako ni namba gani?" Aulize mteja anawinda mnyama gani, msokoto wa mtutu wake ni inchi ngapi, na kichwa anachotaka kina urefu gani na ni cha madini gani. Asiyeujua msokoto aupime kabla ya kulipa, kisha ajaribu risasi chache kwenye shabaha kabla ya kwenda porini.

Kwa wasio na leseni, risasi si mzigo wa kuvusha mpakani. Ila swali la Remington linawahusu pia wauza vipuri, pampu na mbegu: je, umemuuliza mteja anakwenda kuifanyia nini bidhaa yako?