Kadi ya bima hailipi kilo, hulipa ugonjwa

Chukulia mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika Kata ya Kakese, Manispaa ya Mpanda. Ana miaka 41, watoto wanne na mume anayelima mpunga. Kila mwezi makato ya bima ya afya hutoka kwenye mshahara wake kabla hajaushika. Kadi hiyo imewatibu watoto malaria na ikamgharimia uzazi wa mwisho.

Leo anaihitaji kwa jambo jingine. Amepanda mzani hospitalini mjini Mpanda, ukasoma kilo 88. Urefu wake ni mita 1.60. Sukari ya asubuhi, kabla hajala kitu, ni 7.8. Presha nayo imepanda. Daktari amemwambia arudi wiki ijayo apimwe tena.

Usiku anampigia simu wifi yake aliyeko Dar es Salaam.

"Wifi, huku kuna sindano," anaambiwa. "Unachoma mara moja kwa wiki, mwili unapungua wenyewe. Wewe si una bima? Mwambie daktari akuandikie tu."

Mwalimu halali. Haogopi gauni kumbana. Mama yake mzazi alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na watoto wake wakubwa wanamkumbuka bibi yao akiwa kitandani tu.

Alfajiri mumewe anasema, "Mama watoto, bima ikikataa tutauza mpunga." Wanapiga hesabu. Bei waliyotajiwa ya dozi ya mwezi mmoja ni sawa na magunia manne. Ghalani yamebaki magunia 11, na humo ndimo kuna chakula na mahitaji ya shule mpaka mavuno.

Familia nyingi zinajikuta hapo siku hizi. Habari za sindano za kupunguza uzito zimefika kila penye simu, na swali la kwanza ni kama bima italipa. Kabla ya kufungua ghala, ni vizuri mzazi ajue bima inavyoamua.

Sindano yenyewe ni nini

Dawa inayotajwa sana inaitwa semaglutide. Ilianza kama dawa ya kisukari. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Ozempic kwa kisukari aina ya pili mwaka 2017, kisha mwaka 2021 ikaidhinisha Wegovy, yenye dawa ileile kwa dozi kubwa zaidi, kwa ajili ya kupunguza uzito.

Si uchawi wala si uongo. Inafanya tumbo lichelewe kumwaga chakula na ubongo upate habari mapema kwamba mtu ameshiba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliohusisha watu 1,961, waliochoma dawa hiyo kwa wiki 68 huku wakifuata ushauri wa chakula na mazoezi walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao. Waliochoma sindano isiyo na dawa walipungua kama asilimia 2.

Lakini watafiti walipowafuatilia baadhi yao mwaka mmoja baada ya kuacha, walikuta wamerudisha theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Maana yake, anayeanza ajue huenda akaitumia kwa miaka. Magunia manne ya mwezi wa kwanza yatafuatwa na manne mengine mwezi wa pili.

Milango miwili ya bima

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Kwa mtumishi wa umma, mchango ni asilimia 6 ya mshahara: asilimia 3 inatoka kwake na asilimia 3 kwa mwajiri. Kadi zinawafikia watu sita, yaani mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne. Ni fedha ya wengi wanaochangiana, ndiyo maana matumizi yake yana masharti.

Ili dawa ilipiwe, lazima ipite milango miwili.

Mlango wa kwanza ni ugonjwa. Bima hailipi hamu ya kupungua. Inalipa tatizo lililopimwa na kuandikwa na daktari: kisukari, shinikizo la juu la damu, maradhi ya moyo. Mwalimu wetu, kwa kilo 88 na mita 1.60, ana uwiano wa uzito na urefu wa 34. Hesabu yake ni rahisi: gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza, ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) linautambua kuwa ugonjwa. Sukari ya kufunga ikifika 7.0 au zaidi katika vipimo viwili vya siku tofauti, hicho ni kisukari.

Mlango wa pili ni orodha. Tanzania ina mwongozo wa matibabu unaoambatana na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Dawa pia zimepangwa kwa ngazi za vituo: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa, na S ni hospitali za juu za kibingwa. Ndiyo sababu mzazi anaweza kukosa dawa fulani zahanati ya jirani lakini akaandikiwa na kuipata hospitali ya mkoa. Hapo hajanyimwa haki, anahitaji rufaa.

WHO iliingiza semaglutide na dawa za jamii yake kwenye orodha yake ya dawa muhimu Septemba 2025. Tena haikuziingiza kwa kila anayetaka kupungua. Iliwalenga wenye kisukari aina ya pili ambao pia wana unene uliopitiliza pamoja na maradhi ya moyo au figo. Toleo la sita la mwongozo wa Tanzania lilitoka mwaka 2021, miaka minne kabla ya hapo. Na orodha ya dunia hailazimishi mfuko wa nchi yoyote kulipa kesho yake, kwa kuwa kila nchi hupima mfuko wake kwanza.

Hata kwenye nchi tajiri mambo yako hivyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003, iliyowaletea wazee bima ya dawa chini ya Medicare, iliacha nje dawa za kupunguza uzito. Mlango ulifunguka kidogo Machi 2024, baada ya Wegovy kuidhinishwa kuzuia mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu wanene wenye maradhi ya moyo. Sindano ni ileile na mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni ugonjwa ulioandikwa kwenye karatasi.

Usimwombe daktari adanganye

Ushauri wa wifi, "akuandikie tu," una hatari. Kumwomba daktari aandike ugonjwa usiokuwepo ili bima ilipe ni udanganyifu, na ni kosa kisheria kwa mgonjwa na kwa daktari. Lipo pia jambo zito zaidi. Faili lenye ugonjwa wa uongo litakufuata. Siku umefika hospitali hujitambui, atakayekupokea atatibu kilichoandikwa.

Kinachotakiwa ni ukweli wote uandikwe. Wengi wenye uzito mkubwa hutibiwa kikohozi au mgongo, wakaondoka bila mtu kuandika uzito, urefu, presha wala sukari. Bila maandishi hayo hakuna bima itakayoona ugonjwa.

Mzazi akienda hospitali na aulize haya:

Je, uzito na urefu wangu vimeandikwa kwenye faili? Je, nimepimwa sukari, presha na figo?

Je, kuna dawa ninayotumia inayoninenepesha? Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, prednisolone, insulini na baadhi ya vidonge vya kisukari vinaweza kuongeza uzito. Usiache dawa yoyote mwenyewe, ila uliza kama ipo mbadala.

Je, dawa uliyoniandikia ipo kwenye orodha ya bima yangu, na kwa ngazi ya kituo hiki? Kama haipo, ipi iliyo kwenye orodha inatibu tatizo langu?

Na kama dawa ipo kwenye orodha lakini dirishani imekwisha, usikimbilie kulipa. Uliza utaratibu wa kuichukua kwenye duka la dawa lenye mkataba na mfuko. Ukibaki na shaka, fika ofisi ya mfuko ya mkoa ukiwa na kadi na karatasi ya daktari.

Mwenye bima ya kampuni binafsi asome ukurasa wa mambo yasiyolipiwa kabla ya kusaini. Matibabu ya kupunguza uzito mara nyingi huwekwa huko, pamoja na ya urembo. Akiona amekataliwa kinyume cha mkataba, aombe sababu kwa maandishi. Kampuni hizo zinasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima inayosikiliza malalamiko.

Sindano ya kwenye simu

Akishaona bima ina masharti, mtu hushawishika kununua kwa anayeuza mtandaoni. Hapo panahitaji tahadhari kubwa. Juni 2024 WHO ilitoa onyo kuhusu semaglutide bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama bandia zilipenya huko, muuzaji asiye na duka wala jina hatakuwa salama zaidi.

Isitoshe, kalamu ya sindano hiyo kabla ya kuanza kutumika hutakiwa kukaa kwenye jokofu, nyuzi joto 2 hadi 8. Kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 1,000. Kifurushi kilichokaa kwenye buti la basi kinaweza kufika kikiwa na boksi zuri na dawa iliyoharibika.

Dawa yenyewe ina madhara yake: kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo, na mara chache kongosho kuvimba. Haitumiwi na mjamzito, na anayepanga ujauzito anatakiwa kuiacha miezi miwili kabla. Si kitu cha kuchomana nyumbani kwa maelekezo ya simu.

Mwalimu alirudi hospitali

Wiki iliyofuata sukari ilisoma 7.6. Daktari aliandika mambo matatu: kisukari aina ya pili, shinikizo la juu la damu, unene uliopitiliza.

"Daktari, na ile sindano?" aliuliza.

"Mwalimu, hiyo haimo kwenye orodha tunayoitumia hapa. Lakini nina dawa ya ugonjwa wako, na kadi yako inailipia."

Alimwandikia metformin na dawa ya presha. Metformin ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, na haimnenepeshi mtu. Vipimo na dawa vilipita kwenye kadi. Hakuna gunia lililotoka ghalani.

Kisha daktari akamwekea lengo: kilo 6 kwa miezi sita. Kiwango hicho hakikutoka hewani. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 kwa watu waliokuwa karibu kupata kisukari, waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kukipata kwa asilimia 58. Waliomeza metformin walipunguza kwa asilimia 31. Kwa mwalimu kisukari kimeshaingia, lakini kilo zilezile zitasaidia sukari na presha kushuka. Kwa mumewe, na kwa watoto ambao damu yao inabeba historia ya bibi, ni kinga.

Kwenye familia inayolima mpunga, kumwambia mtu aache wali ni kumpotezea muda. Walichofanya ni kupima. Bakuli moja la wali kwa kila mtu mzima, nusu ya sahani mboga za majani, maharage au dagaa pembeni, mafuta kwa kijiko badala ya kumimina, na soda ikabaki ya sikukuu. Hakupikiwa chungu cha peke yake. Chungu kilikuwa kimoja kwa nyumba nzima, kwa sababu mama anayekula tofauti na watoto wake huchoka ndani ya wiki mbili. Pikipiki ya kwenda shuleni aliiacha siku tano kwa wiki, akatembea na mtoto wake wa darasa la tatu.

Mwezi wa nne mzani ulisoma kilo 84. Sukari ilikuwa 6.4.

Wifi alipopiga simu kuuliza kama sindano imepatikana, mwalimu alimjibu hivi: "Bado, wifi. Siku ikiingia kwenye orodha na daktari akaona nastahili, nitachoma. Kwa sasa mpunga upo."

Kisha akamuuliza wifi yake mara ya mwisho alipima sukari lini. Upande wa pili wa simu pakawa kimya.