Risiti za gereji zina bei yake

SHEMEJI yangu ni mwalimu. Mwaka wa 2022 alichukua mkopo katika chama cha akiba, akanunua gari lake la kwanza. Lilikuwa liking'aa, viti safi, na mita ilisoma kilomita 96,000. Kijitabu cha sevisi kilikuwemo, ila kurasa za miaka mitatu ya mwisho zilikuwa tupu. Alipouliza, dalali alicheka: "Mwalimu, wanunua gari au wanunua kitabu?"

Miezi minne baadaye mkanda wa taimingi ulikatika akiwa safarini. Vali ziligongana na pistoni, injini ikafa. Makanika alipoifungua, alikuta kibandiko cha zamani chini ya boneti: mwaka wa 2019 gari hilo lilikuwa limeshatembea kilomita 118,000. Dada yangu alinipigia simu akilia. Mkopo ulikuwa ukikatwa mshaharani kila mwezi, na karo ya mtoto ilikuwa imeingia ndani ya injini ile.

Je, mpenzi msomaji, pengo kama hilo lina uzito gani unapopatana bei?

Wengi hudhani logbuku inatosha. La hasha! Logbuku huonyesha mwenye gari, si jinsi alivyolitunza. Matunzo huonekana katika risiti, kijitabu cha sevisi na vibandiko ambavyo makanika huacha mlangoni au chini ya boneti.

Kumbukumbu hizo zina kazi mbili. Kwanza, huthibitisha mita. Mita hurudishwa nyuma kwa muda mfupi, lakini ni vigumu kurudisha nyuma risiti kumi za gereji zenye tarehe na kilomita. Pili, hukuonyesha kazi ambazo jicho halioni. Injini nyingi za Kijapani zinazotumia mkanda wa taimingi huhitaji mkanda mpya zikifikia kilomita 100,000 hivi. Mafuta ya breki huvuta unyevu, na aghalabu hubadilishwa kila baada ya miaka miwili. Mafuta ya injini yakikaa mno hugeuka tope na kuziba njia zake. Rangi mpya haiponyi hata kimoja cha vitu hivyo.

Hata hivyo, pengo si ushahidi kwamba gari ni bovu. Mwaka wa 2020, wakati wa corona, magari mengi yalilala nyumbani. Isitoshe, fundi wa jua kali mara nyingi hatoi risiti. Kwa hivyo usimhukumu muuzaji upesi. Mwombe nambari ya simu ya fundi wake, au ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya vipuri. Aliyelitunza gari lake hakosi kitu cha kukuonyesha.

Akikosa kabisa, fanya hesabu hivi: chukulia kwamba kila kazi iliyostahili kufanywa katika kipindi hicho haikufanywa. Peleka gari kwa makanika wako, si wa muuzaji, akuandikie gharama ya mkanda, pampu ya maji, mafuta ya giaboksi na ya breki. Tuseme gari linauzwa Sh750,000 na orodha ya makanika imefika Sh70,000. Hizo Sh70,000 zitoke katika bei. Usiziombe kama fadhila, kwa maana ni deni la mwenye gari ambalo asipolilipa yeye utalilipa wewe. Naye akishikilia bei yake, mpe mkono mwagane. Magari hayajaisha.

Lakini risiti zikionyesha kilomita nyingi kuliko mita, usihesabu chochote. Ondoka. Aliyekudanganya kuhusu mita hawezi kukupa bei ya haki.

Nawe unayetarajia kuuza, anza leo. Kila ukifanyiwa sevisi, dai risiti yenye tarehe, kilomita na nambari ya gari. Kama fundi hana kitabu cha risiti, mwombe aandike kwenye karatasi na atie sahihi. Mnunuzi akiziona, atakosa sababu ya kukukandamiza.

Shemeji alitengeneza gari lake, na siku hizi ana bahasha ya kaki ambamo kila risiti ya makanika huingia. Kibandiko kile cha 2019 ndicho kilitangulia humo. Anasema siku atakapouza gari, atamwonyesha mnunuzi hicho kabla ya kutaja bei.